Somo: Jinsi ya kupiga hesabu ya timu yako kuingia mchujo

Ligi ikifika raundi ya 25 hivi, vijiwe vyote kuanzia Mikindani hadi Nachingwea vina hesabu moja: "Tukishinda zote, tunaingia." Hiyo ni nusu ya hesabu, tena nusu nyepesi. Nusu nyingine imo kwenye ratiba ya wapinzani wako, hasa siku wanapokutana wenyewe kwa wenyewe. Chukua daftari na kalamu, hakuna hesabu hapa inayozidi kujumlisha na kuzidisha.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia mchujo upi

Kwenye Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, timu mbili za juu hupanda moja kwa moja. Wa tatu na wa nne hucheza nyumbani na ugenini, na anayeshinda anakwenda kuivaa timu ya Ligi Kuu. Huko Ligi Kuu yenye timu 16, wa 15 na wa 16 wanashuka. Wa 13 na wa 14 wanakutana, mshindi anabaki, aliyepoteza anasubiriwa na yule wa Championship. Mashujaa ya Kigoma walipanda kwa njia hiyo mwaka 2023 baada ya kuitoa Mbeya City. Mwaka uliofuata Tabora United waliponea hapo hapo kwa kuitoa Biashara United. Kwa hiyo mchujo huo huo, mmoja anaukimbilia na mwingine anaukimbia.

Angalia pia idadi ya timu msimu husika. Ndanda yetu ya Mtwara iliposhuka mwisho wa msimu wa 2019/20, ligi ilikuwa na timu 20 na mechi 38. Ukichukua hesabu za mwaka mmoja ukazipeleka mwaka mwingine, utapotea.

Hatua ya 2: Tafuta kilele cha kila timu

Kilele ni pointi ulizonazo, jumlisha mechi zilizobaki mara tatu. Tuchukue mfano wa kubuni wa Championship ya mechi 30:

Wa tatu, A: pointi 52, mechi 27. Kilele 61.
Wa nne, B: pointi 49, mechi 27. Kilele 58.
Wa tano, sisi: pointi 47, mechi 27. Kilele 56.
Wa sita, C: pointi 45, mechi 26, ana kiporo kimoja, yaani mechi ambayo wenzake wameshacheza yeye bado. Kilele 57.
Wa saba: pointi 37, mechi 27. Kilele 46.

Wa saba mfute, maana sisi tayari tuna 47. Wawili wa juu wameshakwenda zao. A naye tumhesabu kuwa amepita, maana ni afadhali hesabu ikubane kuliko ikudanganye. Imebaki nafasi moja, ya nne, na wanaoigombea ni watatu: B, C na sisi.

Hatua ya 3: Nani anacheza na nani

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ratiba yetu: nyumbani na timu ya mkiani, ugenini kwa B, kisha nyumbani na timu ya katikati. B anaanza ugenini kwa C, anatupokea sisi, anamalizia ugenini kwa mmoja wa wale wawili wa juu.

Kilele cha B kinasema 58. Lakini sisi tukishinda zote, maana yake B amefungwa na sisi, kwa hiyo mwisho wake ni 55 nasi tuna 56. Yule uliyekuwa unamwogopa kumbe amekwisha. Amebaki C, ambaye lazima ashinde zote nne ili afike 57. Akitoka sare hata moja anaishia 55. Basi sentensi sahihi ya kijiweni ni hii: tukishinda zote, na C akadondosha pointi popote pale, tumeingia.

Sasa swali linalozua ubishi: C akicheza na B, sisi tuombe nini? Wengi husema B afungwe, kwa kuwa ndiye aliye juu yetu. Tuone. Tuseme tumeshinda zetu mbili za nyumbani na kutoka sare kwa B, tukamaliza na 54.

C akimfunga B: B hawezi kuvuka 53. Lakini C anakuwa na 48 na mechi tatu mkononi, akishinda mbili na kutoka sare moja ana 55, ametupita.

B akimfunga C: B ana 52, sare yetu inampa 53, na ushindi wa mechi ya mwisho unamfikisha 56. Ametupita.

Wakitoka sare: C ana 46, analazimika kushinda tatu zote zilizobaki ndipo atupite. B ana 50, sare yetu inampa 51, na hata akishinda ya mwisho ugenini kwa vigogo anatufikia tu kwenye 54.

Sare ndiyo bora kwetu. Mechi yenye mshindi inagawa pointi tatu, ya sare inagawa mbili. Pointi moja imepotea hewani bila kumfaa mpinzani yeyote.

Hatua ya 4: Weka asilimia

Usikadirie kwa mapenzi, anza na rekodi. Tuseme nyumbani tumecheza 13: tumeshinda 8, sare 3, tumefungwa 2. Kabla ya kugawanya, ongeza mechi tatu za kufikirika: ushindi mmoja, sare moja, kipigo kimoja. Unapata ushindi 9 kati ya 16, yaani 56%, sare 25%, kipigo 19%. Nyongeza hiyo inazuia rekodi fupi isikupeleke mbali. Timu iliyoshinda mbili kati ya mbili haina uhakika wa 100% wa kushinda ya tatu.

Kisha rekebisha kidogo kufuatana na mpinzani. Kwa mfano wetu: na timu ya mkiani 55, 25, 20. Kwa B ugenini 25, 30, 45. Na timu ya katikati 50, 30, 20.

Zidisha ushindi wa zote tatu: 0.55 × 0.25 × 0.50. Jibu halifiki 7%. Ile "tukishinda zote" inatokea mara saba tu katika mia. Njia ya kushinda mbili za nyumbani na sare kwa B ni 0.55 × 0.30 × 0.50, zaidi kidogo ya 8%. Kwa hiyo nafasi yetu haimo kwenye njia moja, imetawanyika kwenye njia nyingi ndogo ndogo, na zote zinatakiwa kujumlishwa.

Hatua ya 5: Vikaratasi 20

Njia ni nyingi mno kuzihesabu moja moja. Andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, tia kwenye kikombe. Kila kikaratasi ni 5%. Mechi yetu na timu ya mkiani: 1 hadi 11 tumeshinda, 12 hadi 16 sare, 17 hadi 20 tumefungwa. Chomoa, andika, rudisha, tikisa. Fanya hivyo kwa kila mechi iliyobaki ya timu zote tatu, kisha panga msimamo. Huo ni msimu mmoja. Rudia mara 100, hesabu ni mara ngapi tumemaliza wa nne.

Mechi ya sisi na B chomoa mara moja tu, matokeo yake yaingie kwetu na kwake. Ukichomoa mara mbili utapata msimu ambao sisi tumeshinda na B naye ameshinda, jambo lisilowezekana.

Misimu 100 inaweza kukosea asilimia 10 hivi juu au chini. Ukitumia kompyuta ukafanya 1,000, kosa linashuka hadi 3 hivi.

Hatua ya 6: Kuingia si kupanda

Ukipata 40% ya kuingia, 45% ya kumtoa wa tatu, na 30% ya kuitoa timu ya Ligi Kuu, zidisha zote. Unabaki na zaidi kidogo ya 5%.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Masasi:* Mwalimu, kiporo nikihesabu kama pointi tatu?

Hapana, mjomba. Kiporo ni mechi, kichomolewe kwenye kikombe kama nyingine. Kinaongeza kilele, hakiongezi pointi.

*Mwanachama, Ruangwa:* Sisi Namungo tuko Ligi Kuu. Tunageuzaje hesabu?

Geuza juu chini, dada. Chukua pointi mlizonazo leo, linganisha na vilele vya walio chini yenu. Zikifika timu nne ambazo vilele vyake haviwafikii, mko salama, kwa sababu wa 12 ana timu nne chini yake.

*Mwanachama, Lindi mjini:* Pointi zikilingana je?

Tofauti ya mabao. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza wote na pointi 69, Azam wakashika nafasi ya pili kwa mabao. Kwenye vikaratasi, zikilingana mpe mwenye mabao mazuri leo, isipokuwa tofauti ikiwa bao moja au mawili. Hapo rusha shilingi.

*Mwanachama, Mtwara, Chuno:* Kaka, naweza kuchukua asilimia kwenye odi za kubeti?

Unaweza, ila zisafishe kwanza. Odi za 1.80, 3.40 na 4.20: gawanya 1 kwa kila moja, unapata 0.556, 0.294 na 0.238. Jumla 1.088. Kile kinachozidi 1 ni cha kampuni. Gawanya kila moja kwa 1.088, zinakuwa 51%, 27% na 22%. Zitumie kwenye daftari. Kuweka hela ni jambo jingine, maana hiyo ziada unailipa kila unapobeti.

*Mwanachama, Newala:* Mgeni akija uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona kutoka Bukoba kwa basi, tumkate asilimia ngapi kwa uchovu?

Sehemu kubwa imeshakatwa, mzee wangu. Rekodi yetu ya nyumbani imejengwa na wageni waliosafiri vivyo hivyo, kwa kuwa huku kwetu karibu kila mgeni anatoka mbali. Kama amecheza katikati ya wiki na hajapumzika, hamisha kikaratasi kimoja kutoka kwake kuja kwetu. Usizidishe hapo.