Barua pepe za ofisi zikianza kurudi: fanya hivi

Wateja wangu hapa Arusha wengi ni kampuni ndogo za safari. Watu wanne watano ofisini, magari mawili matatu, na wageni karibu wote huja kwa barua pepe. Mgeni wa Ujerumani akiomba bei leo, kesho asipate jibu, anamwendea mwingine. Barua zikikwama, wa kwanza kuumia ni dereva na mpishi wanaosubiri kazi.

Kwanza kabisa, usiifute ile barua ya kurudishwa. Wengi wakiona namba nyingi wanaifuta, wanatuma tena. Isome mpaka chini. Tafuta namba 550 au 554, zinazoonyesha barua imekataliwa. Karibu na hapo mara nyingi utakuta anwani ya IP (namba ya mashine iliyotuma barua), au domeni yako (jina linalofuata @), pamoja na jina la orodha ya wanaoshukiwa kutuma barua taka, kwa mfano zen.spamhaus.org, ya shirika la Spamhaus. Andika vyote pembeni. Iliyoorodheshwa ikiwa ni IP, tatizo liko kwenye seva au mtandao unaotumia. Ikiwa ni domeni, ni lako mwenyewe, na ukihama seva litakufuata.

Orodha yenyewe haizuii chochote. Anayezuia ni seva ya mpokeaji, ambayo kabla ya kupokea barua huiuliza orodha kupitia DNS, mfumo wa majina ya intaneti. Inaigeuza IP ya mtumaji: 203.0.113.25 inakuwa 25.113.0.203, inaongeza jina la orodha mwishoni mwake, kisha inasubiri jibu. Kwa Spamhaus, likirudi 127.0.0.4 maana yake IP imo kwenye XBL, mojawapo ya orodha zao, yaani kuna mashine iliyoambukizwa au kutekwa inayotumia IP hiyo. Likirudi 127.0.0.10 au 127.0.0.11 ni PBL, orodha yao nyingine, na hiyo isikutishe. Imejaa IP za intaneti ya kawaida ya majumbani na ofisini, ambazo hazitegemewi kutuma barua moja kwa moja. Weka programu yako itume kupitia seva ya mtoa huduma, kwa jina na nywila, poti 587, na mara nyingi mambo yanaisha hapo.

Sasa tafuta chanzo. Kwa ofisi ndogo nakutana sana na viwili. Cha kwanza ni nywila iliyoibwa. Dalili yake ni barua za kurudishwa kutoka kwa watu ambao hamjawahi kuwaandikia, au kanuni ya kupeleka barua kwingine ambayo hakuna ofisini anayeijua. Badilisha nywila, futa kanuni hiyo, kagua kila kompyuta na simu inayofungua akaunti ile.

Cha pili ni jirani. Kampuni za bei nafuu zinazohifadhi tovuti hurundika wateja wengi kwenye IP moja, na mmoja akituma utapeli wote mnaadhibiwa. Hili linaniuma kweli. Mama mwenye kampuni ana leseni yake ya utalii, ile ya TALA, kodi analipa, halafu anahesabiwa tapeli kwa dhambi ya mtu asiyemjua. Orodha hizi tunazihitaji, bila hizo vikasha vyetu visingefaa kitu, lakini wanaouza seva wana wajibu wa kufukuza wahalifu. Waandikie, ambatisha ile barua ya kurudishwa, dai IP safi. Wakikuzungusha, hama. Na kama jibu ni 127.0.0.2, yaani SBL, orodha nyingine ya Spamhaus, ni lazima uwabane wao, kwa sababu ombi la kuondolewa hutoka kwa mwenye mtandao.

Usiombe kuondolewa kabla ya kuziba tundu, utaorodheshwa tena. Ukishaziba, ingia check.spamhaus.org ufuate maelekezo. Hawatozi hata senti. UCEPROTECT, wenye orodha nyingine kama hizi, wao wana huduma ya kulipia ili utoke haraka, usilipe. Ngazi yao ya 1 hujifuta siku 7 baada ya barua taka kukoma, na ngazi ya 3 hubeba mtandao mzima wa mtoa huduma, kwa hiyo hela yako haitatibu kitu.

Halafu weka sawa SPF, DKIM na DMARC, rekodi za DNS za domeni yako zinazosaidia kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na wanaotuma kwa wingi wawe na zote tatu. Kosa ninalolikuta sana ni rekodi mbili zinazoanza na v=spf1: moja ya zamani, nyingine imeongezwa siku ofisi ilipojiunga na huduma ya kutuma matangazo. Zikiwa mbili, ukaguzi wa SPF unafeli. Ziunganishe ziwe moja.

Wakati unasubiri, usitume ankara kutoka akaunti nyingine ya bure. Mgeni aliyezoea anwani yako, akiona imebadilika siku ya kulipa, atadhani ameingiliwa na matapeli, na ana haki. Mpigie au mwandikie WhatsApp kwa namba ile ile aliyonayo, mweleze barua zako zimekwama, mtumie ankara humo humo yenye akaunti ya benki ile ile mliyokubaliana.