Ukuta wa matumbawe unamenyeka? Soma hapa kabla hujashika mwiko

Jamani tuongee hii ishu ya simenti. Nyumba za zamani za Mji Mkongwe, za Lamu, na yale magofu ya Kilwa Kisiwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, sasa lipu ikianza kumenyeka tu mtu anaita fundi apige simenti, na hapo ndo ukuta unaanza kufa kweli. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linafyonza maji toka chini halafu linayatoa polepole hewani, ukiliziba yale maji yanakosa pa kutokea, chumvi inaganda chembechembe nyuma ya lipu, inasukuma mpaka jiwe linakuwa unga. Kwa hiyo simenti hapana, na rangi ya plastiki nayo hapana.

Usikimbilie kukwangua. Piga picha ukuta wote kwanza, afu tafuta maji yanatoka wapi: paa, bomba, au udongo uliolundikana nje ukapita usawa wa sakafu. Bila kumaliza hilo lipu mpya itadondoka tu. Ukiona nakshi, maandishi au rangi ya kale chini ya chokaa acha hapo hapo, ita watu wa Mambo ya Kale (ofisi ya serikali inayotunza majengo na vitu vya zamani), na kwa Mji Mkongwe kibali unakipata Mamlaka ya Mji Mkongwe, mi naona hili halina mjadala.

Gonga lipu taratibu kwa kidole, panapolia tupu imeachana na ukuta. Lakini kuachana sio sababu ya kuibomoa! Lipu ya zamani inaweza kushikizwa tena kwa kuingiza chokaa nyepesi na bomba la sindano, kidogo kidogo, huku umeiegemeza.

Chumvi nyeupe ikitokeza usiimwagie maji, itarudi ndani. Ifagie ikiwa kavu kwa burashi laini, iokote uitupe mbali. Ikiwa nyingi bandika tishu zilizolowa maji yasiyo na chumvi, ziache zikauke zenyewe, zibandue, rudia.

Sasa mchanganyiko: chokaa iliyozimwa (yaani iliyotiwa maji baada ya kuchomwa) na kulowekwa muda mrefu, fungu 1 kwa mchanga mafungu 3. Mchanga wa ufukweni una chumvi, chukua wa bara uuoshe. Vaa miwani na glovu maana chokaa inaunguza macho vibaya sana. Lowesha ukuta, paka tabaka lisilozidi sentimita 1, subiri lishike ndo upake lingine, afu funika na magunia yenye unyevu na uyanyunyizie kila siku kwa sababu chokaa inakomaa kwa kuvuta kabonidaioksaidi ya hewani na bila unyevu haiwezi, jua likiikausha haraka inapasuka.

Kiraka kikionekana kidogo sio kosa, bora kuliko kubandua ukuta mzima ili ufanane. Andika tarehe, vipimo na mchanga ulikotoka, uweke pamoja na zile picha, fundi atakayekuja baadae atavihitaji.