Mabawa ya bei nafuu kwa upinde wa rikavu uliouunda nyumbani: pima mpini kwanza

Upinde ninaopigia siku hizi ni wa rikavu, yaani wenye ncha zinazopinda kuelekea mbele, na mpini wake, ile sehemu ya katikati ya kushikia, ulitoka kwenye upinde wa kapi. Kapi zilikuwa zimechakaa na mabawa yake mafupi, yaani vipande viwili vinavyojipinda juu na chini ya mpini, yamepasuka, lakini mpini wenyewe wa alumini ulikuwa mzima, umenyooka, na unakaa mkononi vizuri kuliko mipini mingi mipya niliyoishika. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii wako katika hali hiyo hiyo: mpini wanao, ama wa chuma ama wa mbao walioutengeneza wenyewe, mfuko haujajaa, na kilichobaki ni mabawa. Swali lao ni moja: mabawa gani ni mazuri na si ghali? Nami huwauliza kwanza mpini una urefu gani, na vikao vyake, yaani sehemu za mpini ambazo mabawa hukalia, vimekaa kwa pembe gani. Asiye na majibu hayo anaweza kupewa mabawa bure na bado asiyatumie.

Neno moja la usalama kabla ya yote. Kama bado hujatenganisha upinde wa kapi, usikate kamba wala nyaya zikiwa zimekazwa. Mabawa yale yana nguvu nyingi hata upinde ukiwa umetulia mezani, na yakifunguka ghafla yanavunja mfupa. Mpelekee mtu mwenye mashine ya kubania upinde azilegeze.

Mfumo wa kushikizia

Mabawa ya kufungua na kufunga yako ya aina mbili kuu. Ya kwanza hushikwa na bolti moja inayopita katikati ya kitako cha bawa na kuzama kwenye mpini, na pembeni mwa bolti kuna pini za kulinyoosha. Ndiyo aina ya pinde za mbao za wanaoanza, kama Samick Sage na nyingine nyingi zilizoiga umbo lake. Mabawa haya ndiyo ya bei ya chini kuliko yote, ila tundu la bolti na nafasi ya pini hutofautiana kutoka kiwanda hadi kiwanda. Usiamini maelezo kwamba yanaingia popote. Pima kwa rula ya chuma kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya pini, kisha mwombe muuzaji kipimo hicho hicho.

Aina ya pili ni ILF, kifupi cha International Limb Fitting. Hapa kitako cha bawa kina mkato wenye umbo la U unaokaa chini ya kichwa cha bolti, na mbele yake kuna kipande kidogo cha chuma chenye springi kinachoteleza kwenye mfereji wa mpini. Bawa halikazwi kabisa. Mvuto wa kamba ndio unaolishikilia. Mfumo huu ulianzia kwa Hoyt, lakini leo unatumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo mabawa ya kampuni moja yanakaa kwenye mpini wa nyingine. Angalia kitu kimoja tu: Hoyt wana mfumo mwingine uitwao Formula, ambao kwenye picha unafanana sana na ILF lakini hauingiliani nao. Mabawa ya Formula yaliyotumika huuzwa kwa bei ya kuvutia, na mtu mwenye mpini wa ILF hana la kufanya nayo.

Kwa upinde wa kuunda nyumbani mimi nasimama upande wa ILF, hata kama mabawa yatazidi kidogo bei ya yale ya bolti. Sababu ni ile bolti ya kurekebishia. Ukiizungusha ndani uzito, yaani nguvu unayohitaji kuvuta kamba, unapanda, ukiizungusha nje unashuka, na kwa kawaida unapata nafasi ya kama asilimia 5 kila upande. Vikao vilivyokatwa kwa tupa na drili nyumbani havitoki sawa kwa asilimia mia, na bolti hizo ndizo zinazokuokoa. Ila kama mpini wako ni wa mbao na tayari una matundu ya bolti, usihangaike kuugeuza. Tafuta mabawa yanayolingana nao, upige.

Namba iliyoandikwa kwenye bawa si uzito utakaovuta

Hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Karibu na kitako cha bawa utaona maandishi kama 68 na 30#. Alama ile ni ratili. Maana yake: mabawa haya yakiwekwa kwenye mpini unaofanya upinde wa inchi 68, na ukavuta inchi 28, utakuwa umeshika ratili 30. Kwa mabawa ya ILF, mpini wa kulinganishia kwa kawaida ni wa inchi 25. Juu ya mpini huo mabawa mafupi hutoa upinde wa inchi 66, ya kati 68, na marefu 70.

Sasa mpini wa upinde wa kapi uliogeuzwa mara nyingi ni mfupi kuliko huo. Kila inchi unayopunguza kwenye mpini huongeza takriban ratili moja. Chukua mpini unaolingana na wa inchi 17 na mabawa ya kati ya ratili 30. Tofauti ni inchi 8, kwa hiyo upinde umekuwa wa inchi 60 na uzito umefika kama ratili 38. Aliyenunua mabawa ya 40 kwa mpini huo anakaribia 48, na hapo mtu wa mazoezi ya kawaida anavuta kwa mgongo uliojikunja na bega lililopanda, shabaha haioni.

Kisha kuna urefu wa mvuto wako mwenyewe, yaani unavuta kamba hadi wapi. Karibu na inchi 28, kila inchi ya mvuto ni kama ratili 2. Ukivuta inchi 26 tu, ule upinde wa 38 unakuwa kama 34 vidoleni mwako. Ukivuta 30, ni 42 au zaidi, kwa sababu kwenye upinde mfupi uzito hujirundika haraka mwishoni mwa mvuto. Mwenye mikono mirefu achukue mabawa marefu, hasa kama mpini wake ni mfupi. Utausikia utofauti kwenye inchi mbili za mwisho: upinde mrefu unaendelea kuja, mfupi unakuwa kama umefika ukutani.

Urefu wa mpini uliogeuzwa utaujuaje? Usipime kutoka ncha hadi ncha, kwa maana umbo la mipini ya kapi linadanganya. Pima umbali kati ya bolti mbili za mabawa, kisha ulinganishe na kipimo hicho hicho kwenye mpini wa kiwandani wenye urefu unaojulikana.

Basi hesabu yangu huenda kinyumenyume. Naanza na uzito ninaotaka vidoleni, natoa nyongeza ya mpini mfupi, narekebisha mvuto, ndipo napata namba ya kutafuta. Mtu mzima anayeanza namshauri ratili 24 hadi 28 vidoleni. Kwenye mpini wa inchi 17 na mvuto wa 28, hiyo ni mabawa yaliyoandikwa kati ya 16 na 20, namba ambayo wengi wanaikataa wakidhani ni ya watoto. Si ya watoto. Inatosha kabisa kwa mita 18, na itakufundisha kuvuta kwa misuli ya mgongo. Mabawa mepesi ni rahisi kununua na rahisi kumuuzia anayekufuata, kwa hiyo kupanda ngazi baadaye hakugharimu sana.

Pembe ya vikao

Kikao kikiegemea mbele, upande wa shabaha, bawa linakazwa zaidi hata kabla hujavuta: uzito unapanda, na upinde unakuwa mkali na mgumu kutuliza. Kikiegemea nyuma, upande wako, uzito unashuka na kamba inakaa mbali zaidi na mpini. Vyote viwili vinaweza kupigika. Kisichopigika ni vikao viwili visivyolingana. Weka rula ndefu iliyonyooka juu ya kila kikao na upime inapotokea ukilinganisha na sehemu ya kushikia. Tofauti ndogo bolti zitaimeza. Tofauti kubwa irekebishe kwa tupa kabla ya kununua chochote, kwa sababu hakuna bawa la bei yoyote litakaloificha.

Kaboni, povu, mbao

Mabawa ya bei ya chini ni ya kiini cha mbao kilichofunikwa faibaglasi. Ya juu yana tabaka za kaboni, na kiini cha mianzi au povu gumu. Kaboni ni nyepesi, hurudi haraka, na hugoma kujisokota. Povu halijali sana joto wala unyevu. Faida hizo ni za kweli, na mpigaji wa mita 70 anazihitaji. Kwa mpini ulioundwa nyumbani na mazoezi ya mita 18 hadi 30, nanunua mbao na faibaglasi bila kusita. Kinachobaki kinanunua kamba mpya, mishale inayolingana na uzito, na kamba ya kusaidia kuvisha upinde, vitu ambavyo watu huvisahau mpaka dakika ya mwisho.

Ukinunua yaliyotumika

Yaliyotumika ndiyo nafuu ya kweli, mradi uyakague kwa mkono. Chukua kipande cha pamba na ukipitishe taratibu kwenye kingo zote za bawa, kutoka kitako hadi ncha. Pamba ikinasa nyuzi mahali, simama hapo: kuna ufa au faibaglasi imeanza kuinuka, hata kama jicho halioni. Kisha linamishe bawa chini ya taa. Mistari myeupe inayokata upana wa bawa ni dalili ya kuchoka, na mimi huliacha. Mikwaruzo ya rangi inayofuata urefu haina neno. Bonyeza kwa kucha pale tabaka zinapokutana karibu na ncha. Zikicheza, gundi imeachia. Usikubali kuambiwa kwamba gundi ya epoksi itamaliza tatizo. Bawa lililoachana tabaka linaweza kupasuka likiwa sentimita chache kutoka usoni mwako.

Kama muuzaji yuko mbali, mwombe picha ya upinde ukiwa na kamba, iliyopigwa kutoka ncha moja ikitazama nyingine. Kamba ikipita katikati ya mabawa yote mawili, yamenyooka. Ikikimbilia ukingo mmoja, ama bawa limesokoteka ama mpini wake una kasoro, na wewe huna njia ya kujua ni kipi. Muulize pia kama ncha zimeimarishwa ili zistahimili kamba za kisasa za Dyneema, ambazo karibu hazinyumbuki. Zisipokuwa hivyo, au asipojua, tumia kamba ya Dakroni, ambayo hunyumbuka kidogo na haili ncha.

Kuyafunga na kuyajaribu

Kamba ya zamani haitafaa, maana urefu wa upinde umebadilika. Kamba ya upinde wa rikavu huwa fupi kuliko upinde kwa inchi 3 hadi 4. Anza na kimo cha kamba, yaani umbali kutoka kamba hadi sehemu ya ndani kabisa ya kushikia, cha kama inchi 7.5 hadi 8 kwa upinde wa inchi 60 au 62, na kama 8.5 kwa wa 68. Isokote kamba zaidi kupandisha, ilegeze kushusha.

Bandika utepe wa karatasi kwenye vitako vyote viwili na uweke alama ya penseli katikati kabisa. Egemeza upinde kwenye kiti, rudi hatua kadhaa nyuma, funga jicho moja. Kamba lazima ifunike alama zote mbili kwa pamoja. Ikifunika ya juu na kukosa ya chini, kikao cha chini ndicho cha kugusa: weka kipande chembamba cha bati upande mmoja wa kitako, tazama tena, ongeza au punguza. Kazi hii inachosha macho na haitaki haraka. Kisha pima umbali kutoka kamba hadi kitako cha kila bawa, rula ikiwa kwa pembe ya mraba na kamba. Ukishika kamba kidole kimoja juu ya mshale na viwili chini, wa juu uzidi wa chini kwa milimita 3 hadi 6. Ukishika vyote vitatu chini ya mshale, viwe sawa.

Hakikisha bolti zimezama vya kutosha kwenye alumini, hasa kama tundu ulilitoboa wewe. Nyuzi mbili tatu za bolti hazitoshi. Vaa miwani ya kinga, na usiachie kamba bila mshale, hata mara moja. Vuta nusu, rudisha. Vuta robo tatu, rudisha, sikiliza kama kuna mlio wa kukatika. Ndipo uvute kamili ukiwa na mizani ya kuning'iniza mizigo kwenye kamba, usome uzito halisi.

Mshale wa kwanza uwe mzito. Kwa mabawa ya bei nafuu sishuki chini ya gramu 0.6 kwa kila ratili, yaani gramu 18 kwa upinde wa ratili 30, maana mshale mwepesi mno huacha nguvu nyingi ndani ya mabawa. Piga karibu, mita 5 hadi 10, kwenye kizuizi kikubwa. Mwisho wa siku hiyo ya kwanza pima tena kimo cha kamba na umbali wa mabawa yote mawili: kamba mpya itakuwa imerefuka kidogo, na vikao vilivyokatwa kwa mkono vitakuwa vimejikalisha, kwa hiyo rekebisha bolti kabla ya kurudi umbali mrefu.