Kujiandikisha Japani kwa mwanafunzi wa lugha: tangulia ofisi ya kata, benki baadaye

Kadi ya ukaazi hutolewa papo hapo kwa anayeingia kupitia viwanja vikubwa vya ndege kama Narita, Haneda au Kansai, na hakuna la kuongeza isipokuwa kwamba lazima utembee nayo kila uendako. Kinachosahaulika pale uwanjani ni fomu ya kibali cha kazi za muda, zisizozidi saa 28 kwa wiki. Mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza anaweza kuiwasilisha hapohapo na kugongewa muhuri nyuma ya kadi bila malipo yoyote. Ukitoka bila muhuri huo utaufuata ofisi ya Uhamiaji, ambako watu hupanga foleni kabla milango haijafunguliwa na majibu huchukua wiki kadhaa.

Ndani ya siku 14 tangu uhamie kwenye makazi yako, nenda ofisi ya kata au manispaa na pasipoti pamoja na kadi ya ukaazi, ili anwani iandikwe nyuma ya kadi. Sheria inaruhusu faini ya hadi yen 200,000 kwa mchelewaji, na atakayepitisha siku 90 bila sababu ya msingi anaweza kufutiwa hadhi ya ukaazi. Usiondoke siku hiyo bila kununua nakala ya hati ya ukaazi, yaani juminhyo, wala bila kupita dirisha la bima ya afya ya taifa, ambayo hukuachia asilimia 30 tu ya gharama za matibabu. Kwenye dirisha hilo omba pia fomu ya kutangaza mapato na ujaze kwamba hukuwa na kipato chochote Japani mwaka uliopita. Bila tamko hilo punguzo la ada ya bima huenda lisitolewe, na si kila karani atakukumbusha.

Sasa tuje kwenye jina, maana hapa ndipo muda na fedha hupotea. Kadi ya ukaazi huandika jina kwa herufi za Kirumi, kama lilivyo kwenye pasipoti, lakini benki na mwajiri hulitaka kwa katakana, yaani herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni, na hakuna anayekuamulia tahajia yake. Sisi wasemaji wa Kiswahili huvuta silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukitamka “Juma”, sikio la Mjapani husikia “Juuma” na mkono wake huongeza kistari cha kurefusha irabu. Karani wa benki niliyokwenda alinisikiliza kwa adabu kubwa, akainama, kisha akaandika alivyosikia. Fomu ya mwajiri haikuwa na kistari hicho, na mshahara wangu wa kwanza ukarudishwa ulikotoka. Kurekebisha alama moja kulihitaji fomu mpya, juminhyo nyingine ya kulipia na barua kutoka makao makuu iliyokuja kwa posta, huku mwenye nyumba akiulizia kodi yake kwa upole uliozidi kupungua. Kwa hiyo kaa na mwalimu wa shule yako kabla ya kwenda popote, mkubaliane tahajia moja ya majina yako yote matatu, uipige picha kwenye simu, na uinakili hivyohivyo katika kila fomu, hata nafasi kati ya jina na jina.

Benki hutaka namba ya simu, na kampuni nyingi za simu hutaka akaunti ya benki au kadi ya mkopo. Mzunguko huu hukatwa kwa kuanza na kampuni inayokubali malipo ya kila mwezi katika konbini, yaani maduka madogo ya mahitaji ya kila siku. Ukishapata laini, jaribu Benki ya Posta, Yucho, kwa sababu benki nyingine nyingi humwomba mgeni asubiri hadi atimize miezi sita nchini.

Bili za pensheni ya taifa zitakufikia kwa posta ikiwa umefikisha miaka 20, na kukaa kimya hakuziondoi. Rudi ofisi ya kata uombe nafuu ya wanafunzi. Shule nyingi za lugha hazimo katika orodha ya nafuu hiyo, hivyo ukiambiwa kwamba yako haimo, omba palepale msamaha wa kawaida wa wenye kipato kidogo, ambao huombwa upya kila mwaka.