Kubeba Nyama Iliyogandishwa kutoka Kisumu hadi Nairobi

Wengi wenu Wakenya mlio Texas au Minnesota mmezoea kuona mtu akiwinda kulungu, anamgandisha, anampakia kwenye buti na kuendesha siku mbili. Kenya hilo halipo. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamkamata hata aliyekutwa na nyama tu, bila bunduki wala mtego. Mjomba akikunong'oneza kijijini kwamba ana swara kwenye friza, mshukuru na usipakie hata kipande cha kuonja. Hata nyamapori iliyonunuliwa kihalali kwenye bucha la Tanzania, usivuke nayo mpaka wa Sirari.

Bebeni samaki kama ngege wa Dunga na mbuta, nyama ya mbuzi, au kuku wa kienyeji wa shangazi.

Kutoka Kisumu hadi Nairobi ni kama kilomita 350, na joto kali liko mwanzoni, kwenye tambarare za Ahero. Ukishapanda Kericho mpaka Mau Summit, hewa yenyewe inakusaidia. Kwa hiyo ondoka alfajiri. Ila kazi kubwa hufanyika kabla ya safari, kwenye friza. Samaki aparuliwe, atolewe matumbo na achuruzwe maji. Nyama ikatwe vipande bapa, kila mfuko ulazwe peke yake. Usirundike vyote kwa mara moja, maana katikati patabaki laini huku nje pamekuwa jiwe. Vipe siku mbili. Stima ikipotea, friza iliyojaa hukaa na baridi kama saa 48, mradi wajomba waache kuifungua wakitafuta soda.

Kasha la kutunzia baridi liwe nene na lijae pomoni. Mapengo yazibe kwa chupa za maji yaliyoganda (usizijaze mpaka shingoni, zitapasuka) na magazeti. Lifunike blanketi, uliweke ndani ya gari mbali na jua, si kwenye buti linalochemka. Anayetumia barafu kavu aache kioo wazi kidogo: ile hugeuka gesi ya kaboni dioksidi, na kwenye gari lililofungwa inaweza kukulewesha au kukuua. Mkisimama Nakuru kula, kasha lisifunguliwe.

Mkifika, bonyeza. Nyama yenye chembe za barafu, au iliyobaki nyuzi 4 za Selsiasi kushuka chini, inaweza kurudi friza, ingawa utamu utapungua kidogo. Iliyopata joto zaidi ya hapo kwa saa mbili itupe, hata kama inanukia vizuri. Pua haiwajui bakteria wote.

Na kupanda nayo ndege msifikirie. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya hazimruhusu msafiri kuingia na nyama kutoka Kenya. Kuku wa shangazi aliwe Nairobi kabla ya siku ya kwenda uwanjani.