Jinsi ya kumpata mwanasaikolojia wa mtandaoni wa kukusaidia kusamehe, ukiwa Dodoma

Wataalamu wengi wanaojitangaza mtandaoni huorodhesha msamaha pembeni ya msongo wa mawazo, ndoa na malezi, kama vile kila anayejua kusikiliza anaujua. Kumsaidia mtu asamehe ni kazi yenye mbinu zake, na kinachoiharibu mara nyingi ni haraka. Mchungaji anakuhimiza, sheikh anakuhimiza, shangazi anapiga simu kusema "yaishe, ni damu yako". Mtaalamu unayemlipa naye akianza na maneno hayohayo, umenunua ulichokuwa unapewa bure. Hatua zilizo hapa chini zinalenga kumpata asiyekuharakisha, na kumtambua anayekuharakisha kabla hela haijakuishia.

Andika sentensi mbili kabla ya kutafuta

Ya kwanza iseme nani alifanya nini na lini. Ya pili iseme unachotaka. Hii ya pili ndiyo huwashinda watu, kwa sababu mambo matatu yamechanganyika: kutaka kinyongo kipungue, kutaka kupatana, na kutaka haki. Kaka aliyeuza kiwanja cha familia kule Iyumbu unaweza kumsamehe na bado ukamshtaki kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mweka hazina wa kikoba aliyetoweka na akiba unaweza kumsamehe na usimkabidhi tena hata shilingi mia. Mume aliyebaki Dar es Salaam ulipohamia Mtumba na wizara yako, akaanzisha nyumba nyingine, unaweza kumsamehe na usirudi kwake. Usipotenganisha haya mapema, mtaalamu atashughulikia moja wakati wewe unalipia jingine. Kusahau hakumo kwenye orodha. Anayekuahidi utasahau, mwache.

Kama unayetaka kumsamehe bado anakupiga, anakutishia au anakuingilia kwa nguvu, usianze na msamaha. Anza na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako; kama anayeumizwa ni mtoto, namba 116 hupigwa bure. Na kama unawaza kujiua, usisubiri miadi ya mtandaoni: nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Hospitali ya Benjamin Mkapa au Mirembe, hospitali ya afya ya akili, leo hii, na usiende peke yako.

Jua unayemtafuta

Daktari bingwa wa afya ya akili ni daktari wa binadamu aliyebobea, na ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hatibu kwa dawa. Kazi yake ni tiba ya mazungumzo, na kwa kawaida ana shahada ya uzamili, kwa mfano ile ya Muhimbili. Mnasihi, au mshauri nasaha, anaweza kuwa na shahada ya unasihi kutoka chuo kikuu, au cheti cha siku tano. Hapo ndipo penye mtego. Kwa kinyongo cha kawaida, mnasihi mwenye shahada na anayesimamiwa na mtaalamu mzoefu anatosha. Kama kosa lilikuwa ubakaji, ukatili wa utotoni au mauaji ya ndugu, au kama hulali na unarudiwa na picha za tukio, tafuta mwanasaikolojia tiba.

Anayejiita kocha wa maisha anaweza kuwa mtu mwema, lakini wema si mafunzo. Anayeahidi kurudisha mpenzi ndani ya siku tatu yuko kwenye biashara nyingine kabisa.

Pa kutafutia

Anzia hapahapa, hata kama hutaki kuonana na mtu ana kwa ana. Wengi Dodoma hukwepa Mirembe kwa sababu jina lenyewe limegeuzwa kuwa tusi la mtaani, na wanaogopa kuonekana getini. Lakini kupiga simu hospitali kuuliza kama wana mwanasaikolojia anayepokea wateja kwa simu au video hakumwonyeshi mtu sura yako. Uliza pia Benjamin Mkapa, na idara za saikolojia na unasihi za Chuo Kikuu cha Dodoma. Walimu wao huwajua wahitimu wanaofanya kazi vizuri. Mtumishi wa umma aulize ofisi ya utumishi ya wizara yake kama kuna huduma ya unasihi kwa wafanyakazi, ila kwanza aulize nani anapata taarifa.

Halafu panua hadi Dar es Salaam, Arusha na Nairobi. Hao saa zao ni sawa na zako, na wengi wanaongea Kiswahili. Majukwaa makubwa ya Marekani yana kasoro tatu kwetu. Malipo ni ya dola kwa kadi, na mengi hujikata yenyewe kila mwezi hata usipofanya kikao. Tofauti ya saa na New York ni saba au nane, kutegemea msimu wao. Na leseni ya Marekani hutolewa na jimbo, kwa hiyo mtaalamu anaweza asiruhusiwe kumhudumia mtu aliye nje. Faragha nayo si ya kudhaniwa tu: mwaka 2023 BetterHelp, mojawapo ya majukwaa hayo, ilikubali kulipa dola milioni 7.8 baada ya serikali ya Marekani kuituhumu kuzipa kampuni za matangazo taarifa za wateja wake.

Kuna sababu nyingine ya kumpendelea wa karibu. Mtaalamu wa mbali husema upesi "kata mawasiliano naye". Baba mdogo hakatwi. Utamkuta kwenye kila msiba Bahi au Kondoa, na huenda ndiye atakayekaa mbele siku ya mahari ya binti yako. Unahitaji mtu anayeelewa kwamba utaendelea kumwamkia.

Hakiki kwa dakika kumi

Omba majina kamili, shahada, chuo na mwaka wa kuhitimu. Daktari aonekane kwenye rejesta ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Chuo chake kiwe kinachotambuliwa na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Mkenya aulizwe usajili wake chini ya bodi iliyoundwa na sheria ya washauri na wanasaikolojia ya Kenya ya mwaka 2014. Muulize nani anamsimamia kitaaluma. Mnasihi mzuri hujibu bila kukasirika. Wakati wa kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas, jina hujitokeza kabla hujathibitisha. Lisipolingana na alilokupa wala la kituo chake, simama uulize.

Ujumbe wa kwanza na mazungumzo ya dakika 15

Usimwage hadithi nzima kwenye WhatsApp ya mtu usiyemjua. Ujumbe kama huu unatosha:

"Habari za asubuhi. Naitwa Neema, niko Dodoma. Natafuta mtaalamu wa kunisaidia na kinyongo dhidi ya ndugu wa karibu. Jambo lina miaka mitatu na bado tunakutana kwenye shughuli za ukoo. Naomba kujua mafunzo yako na ulikosomea, kama umewahi kufanya kazi ya msamaha na kwa njia gani, kikao ni dakika ngapi na bei gani, na kama tunaweza kuzungumza kwa ufupi kwanza. Natanguliza shukrani."

Tuma kwa watatu, si kumi. Kwenye mazungumzo hayo mafupi, uliza maswali yanayomlazimisha aonyeshe mwendo wake.

"Nikifika mwisho nikaona siwezi kumsamehe, itakuwaje?" Anayefaa atasema uamuzi ni wako na kazi haitakuwa bure. Anayesema "lazima usamehe ili upone" amekwisha kujibu.

"Tutaanzia wapi?" Jibu zuri linaanzia kwenye kilichotokea, ulichopoteza na hasira uliyonayo. Akitaja njia ya mwanasaikolojia Robert Enright, aweze kueleza hatua zake nne: kufichua maumivu, kuamua, kufanya kazi yenyewe ya kumtazama mkosaji upya, na kupata maana. Akitaja ya mwanasaikolojia mwingine, Everett Worthington, ni tano: kulikumbuka jeraha, kujaribu kumwelewa aliyekuumiza, kuutoa msamaha kama zawadi, kujifunga na uamuzi huo, na kuushikilia siku kinyongo kinaporudi. Si lazima atumie hizi. Ila anayetaja jina la njia bila kuweza kuieleza kwa Kiswahili cha kawaida hajaifanyia kazi.

"Itachukua muda gani?" Hapa msikilize sana. Mafunzo ya kikundi kwa njia ya Worthington yanaweza kuchukua saa sita hivi. Upande wa pili, utafiti wa Freedman na Enright wa mwaka 1996, uliofanywa kwa wanawake 12 waliofanyiwa ukatili wa kingono na ndugu zao, ulichukua wastani wa miezi 14 hivi kwa kila mmoja. Uchambuzi wa mwaka 2014 uliokusanya tafiti 54 ulionyesha kwamba programu ndefu zilifanya vizuri zaidi, na kazi ya mtu mmoja mmoja kuliko ya kikundi. Kwa hiyo "vikao viwili tu" ni jibu baya kwa jeraha kubwa, na "hatuwezi kujua kabisa" nalo ni la uvivu. La maana ni kama "tufanye vikao sita, kisha tupime".

Kama dini ni uti wa maisha yako, mwambie. Hahitaji kuwa wa dini yako. Anahitaji kuweza kukusikia ukisema umeomba na bado unachukia, bila kukupa mstari wa kukufunga mdomo. Muulize pia lugha. Wapo wanaolia kwa Kigogo au Kirangi na kueleza kwa Kiswahili, na mtaalamu anayekuruhusu kutamka kwanza kwa lugha ya nyumbani anakurahisishia.

Hela, bando na mahali pa kukaa

Piga hesabu ya safari nzima. Kama bei ni shilingi 40,000 na mnakutana kila wiki kwa wiki 12, ni 480,000. Ikikushinda, omba kila baada ya wiki mbili tangu mwanzo. Ni bora kuliko kukata katikati. Usilipe vikao kumi mapema kwa ajili ya punguzo. Lipa kimoja kimoja hadi cha nne, na uulize mapema hela inakuwaje usipotokea.

Kikao cha dakika 50 kwa sauti ya WhatsApp hula MB 50 au chini. Kwa video jiandae na MB 300 hadi 600, na zaidi ubora wa picha ukiwa juu. Video ni nzuri vikao vya mwanzo, sauti inatosha baadaye. Kubalianeni: mtandao ukikatika, nani anampigia mwenzake kwa simu ya kawaida, na baada ya dakika ngapi. Msipokubaliana, kila mmoja humsubiri mwenzake na robo saa imekwenda.

Thibitisha saa kwa maneno. Kalenda ya simu ikiandika 8:00 PM, ni saa mbili usiku. Miadi mingi ya kwanza hupotea hapa: mmoja ameandika saa nane, mwingine ameelewa mchana.

Chumba ndicho kigumu. Nyumba nyingi za kupanga Chang'ombe au Nkuhungu kuta zake haziishii juu, na jirani anasikia hadi kijiko. Vaa spika za masikioni ili upande mmoja tu usikike, washa redio mlangoni, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa mahali salama. Kuanzia Desemba hadi Aprili usipange kikao saa ambazo mvua hupenda kushuka kama unaishi chini ya bati bila dari, hamtasikilizana. Simu ikitumiwa na watu wawili, funga mazungumzo hayo kwa alama ya kidole, na kumbuka ujumbe wa muamala hubaki kwenye simu na jina la mpokeaji.

Muulize pia kama anarekodi na anatunza wapi maelezo yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti, kwa hiyo swali lako si la ukorofi.

Vikao vinne vya kwanza

Kila Jumapili jioni andika namba kutoka 0 hadi 10: hasira inapanda kiasi gani jina lake likitajwa. Namba ikipanda wiki ya pili au ya tatu, usikimbie. Mmeanza kugusa palipofunikwa. Mwambie tu. Ikibaki 9 na hulali kwa wiki nzima, mwombe apunguze mwendo.

Huenda ukapewa zoezi la kumwandikia mkosaji barua isiyotumwa. Iandike kwenye karatasi. Usiiandike ndani ya WhatsApp yake ukijiambia hutabonyeza. Kidole hakisubiri uamuzi.

Badilisha mtaalamu akikutaka umpigie mkosaji simu ndani ya wiki za mwanzo, akimtetea kabla hujamaliza kusimulia, akitumia kikao kueleza ndoa yake, au akikupeleka kwenye maombi au bidhaa anazouza. Kuondoka hakuhitaji ugomvi: "Nashukuru kwa muda wako. Nimeamua kuishia hapa kwa sasa." Kama mlikuwa mnaelewana na umekwama tu, omba akuelekeze kwa mwingine, ni sehemu ya kazi yake.

Mambo yakienda vizuri, msikate ghafla. Hamieni kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi, na mkubaliane kuhusu kikao kifupi cha dakika 25 utakachoweza kuomba siku ukiitwa kwenye msiba ambao naye atakuwepo. Bei ya kikao hicho iulizwe mapema, na ujue kama hupokea simu siku za Jumapili.