Mtoto mchanga akae hospitali muda gani kabla ya kuruhusiwa?

Mtoto aliyezaliwa kwa njia ya kawaida, miezi yake ikiwa imetimia na bila tatizo lolote, Shirika la Afya Duniani linashauri abaki kituoni na mama yake angalau saa 24. Wa upasuaji kwa kawaida hukaa siku 2 hadi 4, na mara nyingi anayesubiriwa ni mama: kidonda, maumivu, kuweza kutembea na kukojoa mwenyewe.

Saa hizo 24 ndizo mama huwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kutokwa damu nyingi. Kwa mtoto, maambukizi mengi ya wakati wa kuzaliwa hujitokeza ndani ya saa 48. Kwa hiyo kama ulikuwa na homa wakati wa uchungu, au chupa ya uzazi ilipasuka zaidi ya saa 18 kabla ya kujifungua, usishangae mkiambiwa msubiri ingawa mtoto anaonekana mzima. Mtoto wa mama mwenye kisukari naye hubaki apimwe sukari mara kwa mara.

Kabla ya kufunga mizigo, hakikisha haya. Joto la kwapani liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5 za Selsiasi. Pumzi ziwe 30 hadi 60 kwa dakika. Zihesabiwe dakika nzima akiwa ametulia, maana kichanga hupumua kwa kupandisha na kushusha, na ukihesabu nusu dakika utakosea. Awe amekojoa. Choo cha kwanza cheusi wengi hukipata ndani ya saa 24. Zikipita 48 bila choo, utumbo uchunguzwe. Uliza pia kama amechomwa vitamini K, inayozuia kutokwa damu, na kama amepata chanjo za kuzaliwa. Damu ya kisigino ya kupima magonjwa ya kuzaliwa nayo, panapopimwa, huchukuliwa baada ya saa 24, hivyo anayetoka mapema aelezwe atarudi lini.

Kunyonya ndiko kunakopuuzwa zaidi. Mkunga akiuliza “ananyonya?”, usijibu tu “ndiyo”, mwombe akae aangalie mtoto akinyonya tangu mwanzo hadi aachie. Mdomo uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeuka nje, kidevu kimegusa titi, na weusi wa titi uonekane zaidi juu kuliko chini. Anavuta taratibu, anapumzika, unamsikia akimeza. Chuchu ikitoka imebonyea au inauma, hajashika vizuri. Asiposhika vizuri maziwa hayatoki ya kutosha, uzito hushuka kupita asilimia 10, choo huwa kidogo, na manjano (ngozi na macho kuwa ya njano) huongezeka kwa sababu rangi hiyo hutoka mwilini kupitia choo.

Manjano yenyewe hufika kilele siku ya 3 hadi ya 5, wakati wengi wako nyumbani tayari. Mwangalie kwenye mwanga wa mchana: weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, na yakifika viganjani au nyayoni siku yoyote mrudishe. Kumwanika juani si badala ya taa za hospitali.

Njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, hapangiwi siku. Huruhusiwa akiwa anapumua bila kusita kwa siku kadhaa mfululizo, anatunza joto bila mashine, anamaliza maziwa yake yote kwa mdomo na anaongezeka uzito. Wengi hutoka karibu na tarehe waliyotarajiwa kuzaliwa.

Baada ya kutoka, aonwe tena kati ya saa 48 na 72 tangu kuzaliwa, kisha kati ya siku ya 7 na ya 14, halafu wiki ya 6. Usingoje tarehe hizo akigoma kunyonya, akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika au kifua kikibonyea ndani, akipata degedege, akiwa moto au baridi isivyo kawaida, akilegea, au ngozi kuzunguka kitovu ikiwa nyekundu. Njiani mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike kichwa, uso uwe wazi, na uendelee kumnyonyesha kama anaweza kumeza.